Kambare wa Gogoni

Kori wa nne alipotoweka, fundi majokofu aliacha kumshuku paka, akaanza kumshuku mama mkwe wake.

Paka hakuwa na kesi tena. Tangi lilikuwa na mfuniko wa kioo, na juu ya mfuniko fundi alikwisha kuweka tofali zima. Paka wa kuinua tofali angekuwa amejiajiri zamani kupakia malori, asingekuwa analala kutwa kwenye kochi la watu. Na maji hayakuwa na kosa. Fundi aliyapima, akayanusa, akachovya kidole akalamba. Hata maiti haikuwepo. Kambare wadogo wale wanaoitwa kori wakifa hulala ubavu mchangani, konokono wakawageuza karamu. Hawa walitoweka mmoja mmoja, kimya kimya, kama wapangaji wanaohama bila kuaga.

"Mama," fundi aliuliza, akijitahidi sauti yake isiwe na makali, "leo mchana nani alikuwa hapa sebuleni?"

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake mbele ya tangi, miguu juu ya mto, kikombe cha chai kimepoa mkononi. Alikuwa mkunga miaka yote ya kazi yake, na hata sasa alikaa kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Nilikuwa na hawa wanao," alisema, akikielekezea kioo kidevu. "Wamegoma kula. Wamejibana pembeni kama wanawake waliosikia mume analewa."

"Hukuwatoa?"

"Niwatoe niwapeleke wapi, baba? Kliniki?"

Alicheka peke yake. Fundi hakucheka. Kicheko cha mama kilitafuta pa kukaa, kikakosa, kikafia njiani.

Hao kori hawakuwa samaki tu. Fundi aliwalea tangu wakiwa wadogo kama punje ya mchele, wenye mashavu ya shaba na sharubu fupi za kupekua mchanga, na yeye ndiye pekee mtaani aliyewahi kuwafanya watage. Katika kundi la simu la wafugaji samaki walimwita Profesa Sharubu. Mtu akinunua kambare wa mito ya Amerika Kusini asiyemjua, alituma picha, na Profesa alijibu kabla chai yake haijapoa: tazama kinywa, tazama sharubu, huyu ni mnyonya kioo, huyu atakuzidi beseni, huyu usimweke na wadogo. Hajawahi kukosea. Au tuseme, hakuna aliyewahi kurudi kumwambia.

Mara moja tu alikosea, na kosa lenyewe lilikuwa ndani ya nyumba yake.

Ilikuwa dukani kwa Mapezi, muuza samaki wa mapambo, siku ambayo mzigo ulifika na duka limejaa wateja. Ndani ya mfuko mmoja wa nailoni alikuwamo kambare mdogo wa kahawia mwenye madoa, asiyeagizwa na mtu. Mapezi aliinua mabega. "Huyu kadandia. Simjui baba wala mama."

Wateja waligeuka wakamtazama Profesa. Fundi akauinua mfuko kwenye mwanga. Kambare alikuwa amejibana kwenye pembe, tumbo limegandana na nailoni. Kanuni ilikuwa moja, naye ndiye aliyeifundisha kwenye kundi: kambare wa magogoni, wale wanaojificha ndani ya magogo, wanafanana kama vifungo vya shati, usimtaje yeyote kabla hujaliona pezi la chini, lile la nyuma ya tumbo. Fupi, ni mpole, hazidi kidole. Refu, ni mlafi, na atakua. Ilitosha kuugeuza mfuko. Lakini watu walikuwa wanangoja, na profesa anayegeuza-geuza mfuko kama mama wa nyanya sokoni, uprofesa wake u wapi?

"Wa gogo, yule mdogo," alitamka. "Mpole kama maji ya mtungini."

Akamnunua palepale, kutia muhuri. Nyumbani, kambare aliteleza kutoka mfukoni, akazunguka tangi mara moja, akaingia kwenye tundu la lile gogo kubwa lililolala chini, na hakuonekana tena. Wiki zikapita, zikawa miezi. Fundi akahitimisha kwamba amekufa humo ndani na konokono wamemaliza mambo. Hakumwambia mtu. Profesa hafiwi na samaki aliyemtaja mwenyewe mbele ya watu.

*

Jioni ile umeme ulikatika kabla jua halijazama vizuri. Taa ya tangi ikazimika, maji yakawa meusi, na sebule ikabaki na mwanga wa dirishani tu. Fundi alikuwa uani, mkono wake umezama kwenye utumbo wa jokofu la mteja, aliposikia mama mkwe akiita.

"Baba! Njoo! Njoo umwone huyu!"

Alikuja mbio, mafuta mikononi. Mama alikuwa amesimama, kiganja kimelalia kioo.

"Ametoka kwenye gogo. Mkubwa! Kinywa kipana kama mfuko wa kaptula. Ameniona, akarudi."

Fundi aliwasha tochi ya simu. Mwanga ulipita juu ya mchanga, ukapanda mmea, ukashuka juu ya gogo. Hakuna kitu. Kori waliobaki walikuwa wamebanana kwenye kona ya mbali.

"Mama, humu hamna samaki mkubwa."

"Nimemwona."

"Tangi hili nimelijaza kwa mikono yangu. Namjua kila aliyemo."

"Basi yupo aliyekuja bila kukuambia," mama alisema, na bado kulikuwa na mzaha kwenye sauti yake, mzaha mwembamba uliokuwa unaomba kushikwa mkono.

Fundi alikuwa amechoka. Jokofu la mteja lilikuwa limemshinda tangu asubuhi, na asubuhi hiyo hiyo alikuwa amehesabu kori akakuta pengo jingine. Huwa tunasema maneno mabaya si kwa sababu tunayaamini, bali kwa sababu yako karibu na mkono. Yake yalikuwa karibu.

"Mama, ni wewe."

"Mimi nini?"

"Unayewatoa. Unawashika, unawaweka mahali, halafu unasahau. Juzi miwani yako tuliikuta wapi?"

Mama alijigusa miwani usoni.

"Kwenye jokofu," fundi alimjibia. "Ulikumbuka kuiweka humo?"

"Sikukumbuka."

"Na sufuria iliyoungua kule kwako, mpaka tukakuhamishia hapa?"

"Hata hiyo sikukumbuka."

"Basi."

Lilikuwa neno dogo hilo, la kufungia mazungumzo, kama mtu anavyofunga mlango wa kabati. Mama aliondoa kiganja chake kwenye kioo. Akaitazama mikono yake, upande wa juu, kisha upande wa viganja. Mikono hiyo ilikuwa imepokea nusu ya watoto wa mji aliokuwa akiishi. Sasa aliikagua kama mikono ya mtu aliyekaa naye kwenye foleni.

"Labda, eti," alisema. "Labda ni mimi."

*

Mkewe, nesi wa wodi ya wanaume, alirudi kutoka kazini viatu mkononi. Fundi alimweleza wakiwa jikoni, mlango umerudishwa. Hakuongeza chumvi, na hilo baadaye alilitumia kujitetea mbele ya nafsi yake: sikuongeza chumvi. Alisema tu samaki wanazidi kupungua, mama anaona samaki wasiokuwepo, na mama mwenyewe amekiri.

"Amekiri?" Nesi alikaa juu ya kreti la soda.

"Kasema labda ni yeye."

"Mungu wangu. Leo anatoa samaki, kesho ataacha gesi wazi. Na mchana mimi sipo, wewe uko uani na mashine zako hata bomu husikii." Alijifuta uso kwa sare yake. "Nimpigie kaka?"

"Ni mama yako," fundi alisema. "Mimi sina la kusema."

Lakini alikuwa nalo. Chumba alicholala mama mkwe kilikuwa cha upande wa baridi, hakipigwi na jua, na kabla mama hajahamia, fundi alikwisha kukipimia rafu za matangi ukutani. Wazo hilo lilipita kichwani mwake kama panya anavyopita sebuleni wageni wamekaa: haraka, pembezoni, na kila mtu akajifanya hajaona.

Kaka wa nesi, wakala wa bima mwenye sauti ya kuuza, aliwekwa kwenye spika.

"Shemeji! Nasikia mama anakuibia samaki!" Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Mwanamume mzima umefungua hospitali ya kambare sebuleni, ulitegemea nini? Mimi ningewakaanga."

"Kaka, acha utani," nesi alisema.

"Haya, haya. Mama nitamchukua. Lakini muelewe, huku ni ghorofa ya tano, lifti ni mapambo. Sote tunatoka alfajiri. Atakuwa na televisheni."

"Na nani?"

"Na televisheni, dada. Nimesema."

Nesi alimtazama mumewe. Alikuwa anangoja neno moja, na fundi alilijua neno lenyewe: hapana. Aliinama akaokota kizibo cha soda sakafuni, akakitupa kwenye ndoo ya taka.

Usiku huo, mkewe alipolia, fundi alimkumbatia vizuri sana.

*

Alhamisi, nesi akiwa zamu na mama amejipumzisha chumbani, fundi aliamua kulisafisha tangi. Alijiambia anatafuta maiti za kori chini ya mchanga. Ukweli ni kwamba kaka angekuja Jumamosi, na tangi lile lilikuwa zito, na mtu mwenye akili huanza kupunguza mzigo mapema kabla ya kuhamishia kitu chumba kingine.

Alilinyanyua gogo kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kuliko alivyolikumbuka. Maji yalichuruzika kutoka kwenye tundu, na yalipokwisha, ndani kukasikika sauti, mkoromo mkavu kama wa bawaba isiyotiwa mafuta.

Fundi aliganda. Aliujua mkoromo huo. Kambare wa magogoni akitolewa majini hunung'unika hivyo, na hutanua miiba ya mapezi yake akajikaza tunduni hata umvute kwa koleo hatoki. Alilizamisha gogo kwenye ndoo, akalishikilia limeinama, akangoja. Baada ya muda miiba ikalegea na kitu kikaporomoka.

Kilijaa kiganja na kupita. Kahawia, madoa, sharubu ndefu, kinywa kipana kama mfuko wa kaptula. Tumbo lilikuwa limejitokeza upande mmoja kama soksi iliyotiwa limau. Kambare alizunguka ndoo, akashtuka, akatapika. Kori akazama polepole mpaka chini, magamba yake ya shaba bado yamepangana safu mbili kama vigae. Magamba ya kori hayasagiki upesi.

Fundi hakuhitaji kugeuza kitu, lakini alimgeuza. Pezi la chini lilikuwa refu, limeenea nyuma ya tumbo mpaka karibu na mkia. Mtoto wa darasa la kwanza angeliona.

Alikaa sakafuni, suruali ikinywa maji. Kitu cha kwanza alichokifikiria, na hili hatumfichi msomaji, halikuwa mama mkwe. Alifikiria kundi la simu. Alifikiria Mapezi akiwasimulia wateja. Alifikiria shemeji, kicheko chake kwenye spika. Ndipo akamfikiria mama, na alipomfikiria aliona kiganja kikiondoka kwenye kioo.

Mlango wa chumbani ulilia. Kabla akili haijaamua, mikono iliamua: ilifunika ndoo kwa gunia na kuisukuma nyuma ya jokofu bovu lililokuwa likingoja spea.

Mama alisimama mlangoni, amefunga khanga yake vizuri, kama mtu anayekwenda ofisini.

"Unafanya kazi, baba?"

"Nasafisha tu, Mama."

"Nilikuwa nangoja tuwe wawili. Wale samaki wako." Aliukaza upindo wa khanga. "Nimejaribu sana kukumbuka. Nalala nikijaribu. Nilikulia kwa watu waliosema ukiharibu cha mtu, umwambie machoni. Nimekuharibia, mwanangu. Umenisamehe?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, upana wote. Ilibidi tu anyooshe mkono aondoe gunia. Nyuma ya jokofu, kambare alipiga maji mara moja, pwa.

"Nimekusamehe, Mama," fundi alisema.

Uso wa mama ulifunguka. Alimshukuru. Alimshukuru mara mbili, kisha akarudi chumbani kukunja nguo zake.

*

Jumamosi shemeji alifika na gari la kuazima, akapanda ngazi mbili za kibarazani akihema ili kila mtu ajue amepata taabu. Mabegi ya mama yalikuwa mawili, na kapu moja la vitu ambavyo nesi aliendelea kuviongeza: dawa, kandambili, mto wa kiti. Mama alikuwa amevaa vizuri, mkoba wa mkononi magotini, kimya, mpole. Upole huo ndio uliomvunja fundi. Alikuwa amezoea mama wa mzaha. Huyu aliketi kama mgonjwa aliyeambiwa asijisumbue.

Shemeji alinyanyua begi la kwanza. "Haya, Mama, twende ukaone mji kutoka juu."

"Subirini," fundi alisema.

Alitoka uani akarudi na ndoo, maji yakimwagikia miguu yake, akaitua katikati ya sebule. Akaondoa gunia. Wote watatu walichungulia.

"Mama hakutoa samaki," alisema. "Ni huyu. Alikuwa kwenye gogo. Nilimleta mimi. Nilikosea kumtambua."

Kisha shemeji akaanza kucheka, taratibu, akitikisika mabega. "Kwa hiyo Profesa... Mama yangu kahukumiwa, kakosa rufaa, kumbe mwizi ni kambare?"

"Nyamaza," nesi alimwambia kaka yake, macho yakiwa kwa mumewe. "Umempata lini?"

"Mke wangu..."

"Lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi." Alilirudia kama mtu anayesoma kipimo cha damu. "Alhamisi jioni nilikaa hapa nikikunja nguo za ndani za mama yangu. Wewe ulinishikia begi."

Kwa mara ya kwanza fundi hakutafuta jibu la kujitetea. Alipiga magoti mbele ya kiti cha mama mkwe.

"Mama, nisamehe. Ulimwona. Ulisema mkubwa, ulisema kinywa kama mfuko, ni kweli tupu. Ndiye huyu. Wewe hukusahau kitu. Mimi ndiye niliyekosea, nikakusingizia, na juzi ulipokuja ukaniomba msamaha alikuwa nyuma ya jokofu pale."

Mama aliinama juu ya ndoo, akamtazama kambare kwa muda mrefu, karibu kwa upendo.

"Mzuri," alisema. "Umemnunua wapi?"

"Sijamnunua, Mama. Yaani nilimnunua, zamani. Ndiye aliyewala."

"Baba." Aliuweka mkono wake juu ya kichwa cha fundi. "Mimi nimekaa wodini miaka mingi. Nimewaambia wanawake mambo mengi ili walale. Nimewaambia hukukosea kitu, mama, ni Mungu tu, huku nikijua alikunywa dawa za mtaani. Huruma ina sauti yake. Naisikia kwako sasa hivi."

"Si huruma, Mama!" nesi alisema, akilia. "Ni kweli!"

"Na wewe umejifunzia kwangu," mama alimwambia bintiye, akitabasamu. "Lakini mimi nimekumbuka. Imenijia jana. Wa kwanza alinichoma hapa." Alionyesha dole gumba. Lilikuwa laini, halina hata kovu. "Wana miiba wale, wadogo hivyo hivyo. Aliteleza, nikamfunga kwenye leso, nikamtupa chooni. Nikavuta maji. Waliobaki sina hakika nao, ila huyo namkumbuka vizuri."

Shemeji aliacha kucheka. Alilitua begi chini polepole, kana kwamba lina mayai.

"Mama haendi popote," nesi alisema.

*

Mama hakwenda. Shemeji alirudisha gari la watu. Fundi aliandika kwenye kundi la simu kosa lake lote, pezi na mfuko na gogo, akaweka na picha. Walimcheka siku nzima, kisha wakamsahau, maana kundi lilikuwa na mambo mengine. Mapezi alimchukua kambare, akampelekea mteja mwenye tangi kubwa. Kori waliobaki walianza kula tena mchana peupe. Nesi aliongea na mumewe kuhusu chumvi, maji na bili ya umeme tu.

Ila mama hakukaa tena mbele ya tangi. Kiti chake alikihamishia chumbani mwenyewe, akikiburuta, na alipotakiwa arudi sebuleni alikataa kwa adabu. Alisema moyo wake umetulia, hana kinyongo na mtu, anaomba kitu kimoja tu ili naye apate usingizi wa mchana bila kuogopa kuamka kwenye chumba kingine ameshika kitu cha watu.

Walikataa. Hakulala. Walimweleza tena, walimletea picha, nesi alimletea daktari wa wodi yao aliyezungumza naye taratibu. Mama aliwasikiliza wote kwa heshima, na hakulala. Macho yake yakaingia ndani. Mwisho nesi, asubuhi moja akivaa viatu vya kazi, alisema bila kumtazama mumewe: "Mfanyie anachotaka. Wewe. Si mimi."

Kwa hiyo sasa, kila siku baada ya chakula cha mchana, fundi majokofu hunawa mafuta mikononi, huenda mpaka mlango wa chumba cha upande wa baridi, na kuugeuza ufunguo kutoka nje. Ndani kitanda hulia kidogo mama anapojilaza.

"Umefunga, baba?"

"Nimefunga, Mama."

"Jaribu kitasa."

Naye hujaribu kitasa.

"Ahsante, mwanangu," sauti husema, tayari imeshikwa na usingizi. "Mungu akuweke. Wewe ni mtu mwema."